Mafundi Tele, Zipu Yangu Bado

Wageni wanaotoka nyumbani wana ugonjwa mmoja: hawajavua hata viatu, wameshauliza Ikulu iko upande gani. Unawaambia iko kilomita kumi na kitu kutoka hapa, ni nyumba nyeupe yenye uzio, na mwenye nyumba hatoki barazani kusalimiana na wapita njia. Hawasikii. Lazima waende, lazima wapigwe picha wakiwa wameshika uzio, na lazima mtu awapeleke. Mtu huyo ni mimi. Jumamosi za watu wengine ni za kufua na kulala. Zangu ni za kuzunguka katikati ya Washington na shemeji, binamu na rafiki wa binamu, natafuta pa kuegesha gari huku nyuma wanabishana kama ule Mnara wa Washington unapandwa kwa ngazi au kwa lifti. Una lifti. Nimeshasema mara ngapi.

Mama watoto ndiye aliyekata shauri. Akatangaza kwamba kuanzia sasa mgeni akija Hyattsville ataijua Hyattsville, na ataijua kwa mafundi wake: wafinyanzi, wapiga chapa, washonaji, wachoma kahawa, wenye maduka ya vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. "Mnara hauendi popote," akasema. Nikamuunga mkono papo hapo, maana hesabu ya petroli naijua mimi. Petroli imepungua kweli. Kilichoongezeka ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Kwa wasioujua mji wetu: upo Maryland, Kaunti ya Prince George's, ukitoka Washington kuelekea kaskazini mashariki, na sensa ya 2020 ilikuta wakazi 21,000 na ushei. Ulianza na duka. Bwana mmoja, Christopher Clark Hyatt, alinunua ardhi hapa mwaka 1845, akafungua duka penye reli na barabara kuu, na mwaka 1859, alipoomba kuwa msimamizi wa posta, akajaza jina lake mwenyewe mahali pa jina la mji. Kwetu mwenye duka la njia panda huandika jina la mtoto wake wa kwanza juu ya mlango, akaridhika. Huyu aliandikisha mji mzima, na mwaka 1886 serikali ikaupa mji hati yake. Kwa hiyo mama watoto anaponiambia kwamba kuzunguka madukani ni kusoma historia ya Hyattsville, sina pa kumkamatia.

Mtaa wenyewe ni Baltimore Avenue, kipande cha ile Route 1 inayoanzia Maine, mpakani mwa Kanada, hadi Key West kule mwisho kabisa wa Florida. Hapa kwetu ilikuwa barabara ya wauza magari. Kulikuwa na ukumbi wa Lustine, wa kuuzia Chevrolet, wenye kioo kikubwa mbele ili mpita njia aone gari akose usingizi. Tramu nayo ilipita, ikitoka Washington, hadi ilipoondolewa mwaka 1958. Baadaye wanunuzi wakahamia kwenye maduka makubwa yenye maegesho mapana, wauza magari wakafunga, na mtaa ukabaki na majengo makubwa matupu. Msanii naye ni mtu wa kufuata kodi nafuu na dari refu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mount Rainier, Brentwood, North Brentwood na Hyattsville, miji minne iliyopangana kwenye barabara hiyo, ikatangazwa kuwa wilaya ya sanaa, Gateway Arts District, kama kilomita tatu za Route 1. Halafu zikaja nyumba mpya za ghorofa zenye nafasi ya karakana chini, nzuri mno, na bei zake sasa zinamfaa wakili anayependa sanaa kuliko msanii. Ukumbi wa Lustine umekuwa mahali pa kukutania wakazi. Kioo bado kipo. Nikipita jioni naona watu wanafanya mazoezi ya viungo pale palipokaa Chevrolet.

Sasa, mpango wa mama watoto ulikwenda vizuri kwa wageni wa kawaida. Shemeji alinunua mshumaa wenye harufu ya msitu, akapiga picha, akaondoka. Binamu alinunua bango. Kisha akaja shangazi yangu wa Pangani, kuja kuwaona wajukuu, na mambo yakabadilika.

Shangazi ni msusi. Tangu nina akili zangu namkumbuka na miyaa mapajani, mkono unasuka ukili wenyewe huku mdomo unasuta majirani. Amesuka mikeka ya harusi, kawa, vipepeo, mikoba, na misala ya nusu ya mtaa. Mtu kama huyo humpeleki kwenye duka la kazi za mikono kama mtalii. Anaingia kama mkaguzi.

Kitu cha kwanza anachofanya ni kugeuza. Kikombe anakigeuza, meza anaiinamia akaichungulia chini, kitambaa anakitazama mgongo. Anasema kazi mbovu hufichwa huko. Wenye maduka wanampenda mara moja, kwa sababu wateja wengi hutazama bei wakaondoka, na huyu mama wa kanga na sweta amejikunyata chini ya meza anapapasa maungio kwa kidole gumba. Mimi nimesimama mlangoni nimeshika koti lake, mkoba wake, na chupa ya chai.

Duka la kwanza nitalihifadhi jina, maana sina shida nalo, nina shida na bei. Shangazi alikamata kikombe cha udongo, cha bluu, chenye ncha iliyopinda kidogo makusudi.

"Shilingi ngapi?"

"Dola arobaini na nane, shangazi."

"Nimekuuliza shilingi."

Nikapiga hesabu, nikaogopa kuitamka, nikaitamka. "Laki moja na ishirini elfu."

"Pamoja na chai?"

"Kikombe peke yake."

Akakigeuza tena, safari hii polepole, akitafuta hiyo laki imekaa wapi. Kisha akamtazama mwenye duka, dada mmoja mpole mwenye udongo kwenye kucha, akaniambia: "Mwambie nampa kumi na mbili, kwa kuwa kazi yake ni safi."

Hapa naomba wanaoishi ughaibuni wanielewe. Nilimgeukia yule dada nikamwambia kwamba shangazi yangu, ambaye ni fundi wa kusuka kutoka pwani ya Tanzania, amevutiwa sana na kikombe chake. Dada akaweka mkono kifuani, macho yakamlegea.

"Amekubali?" akauliza shangazi.

Nililipa mimi. Na kulipa kwenyewe ni safari nyingine, kwa sababu bei iliyoandikwa hapa ni ya kukukaribisha ndani tu. Ukifika kwenye kaunta Maryland inaongeza kodi yake ya asilimia sita. Shangazi akataka kujua kama ile bei ya mwanzo haikuwa bei, basi ilikuwa nini. Kisha kishikwambi kikageuzwa upande wetu, kikaniuliza, mbele ya watu, kama nitatoa bakshishi ya asilimia kumi na nane, ishirini au ishirini na tano. Bakshishi ya nini? Kikombe nimekitoa rafuni kwa mkono wangu, nimekibeba mwenyewe hadi hapo. Lakini dada ananitazama, shangazi ananitazama, foleni nzima inanitazama. Nikabonyeza ishirini. Mwanaume akishatazamwa hivyo hana hiari.

Kwa hili la kodi nataka kuwakumbusha madiwani wetu kwamba mji huuhuu, mwaka 1892, ulijaribu kutoza kodi ardhi peke yake, majengo na mali nyingine ziachwe, kama alivyofundisha mchumi Henry George. Mahakama ikaubatilisha mpango. Ningekuwa hai wakati ule ningekwenda mahakamani na chakula changu.

Tulipumzika kwenye bustani ya David Driskell, shangazi akafungua kopo la maandazi. Bustani hiyo ilikuwa na jina la Magruder, mtu aliyeutoa uwanja kwa mji mwaka 1927 kwa hati iliyosema ni wa wakazi wazungu. Driskell alikuwa mchoraji na mwanazuoni mweusi, profesa wa Chuo Kikuu cha Maryland, mwenye makazi hapahapa Hyattsville, na ndiye aliyeandaa maonyesho makubwa ya mwaka 1976 kule Los Angeles yaliyoonyesha karne mbili za sanaa ya Wamarekani weusi. Alifariki mwaka 2020, na mji ukaiita bustani kwa jina lake. Nilimweleza shangazi habari zote hizo. Akatafuna, akatazama nyasi kila upande, akaniambia nimpe Magruder pole.

Sasa nifike Gallatin Street, kwenye kituo cha Pyramid Atlantic. Kwao sina ugomvi wowote, na wasije wakasema nimewasema. Kituo kilianzishwa mwaka 1981 na msanii Helen Frederick, kikahamahama, na mwaka 2016 kikaja kwetu. Kazi yake ni karatasi za mkono, chapa na vitabu. Ukiingia unakuta mashine nzito za chuma za kupigia chapa, herufi za risasi na za mbao kwenye droo nyembamba, wino unanukia, na watu wazima wenye kazi zao nzuri serikalini wamevaa aproni, wamelowa hadi viwiko, wanafurahi.

Manung'uniko yangu ni ya jumla, yanahusu nchi nzima. Hapa mtu hulipa ili afanye kazi. Nyumbani kijana anayejifunza ufundi Gerezani au Keko hupewa chai, matusi na kazi ya kufagia, lakini akitoka hapo ana ujuzi na hakutoa senti. Hapa unatoa dola zako, unasimama saa tatu, unachafuka, na mwisho unapewa ulichotengeneza ukae nacho mwenyewe. Mama watoto ameshajifunza kufunga vitabu. Tuna daftari nyumbani zilizoshonwa kwa uzi, nzuri kiasi kwamba hakuna anayeruhusiwa kuandika ndani. Orodha ya sokoni bado naandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Lakini karatasi yenyewe inavyotengenezwa, nitakiri kwamba nilisogea. Nyuzinyuzi za pamba, au za abaka ambayo ni jamii ya mgomba, hupondwa kwenye mashine pamoja na maji kwa saa nyingi mpaka zinalegea kabisa, kisha humiminwa kwenye beseni pana. Fundi anachukua fremu mbili, moja ina wavu, nyingine ni ya kuzuia pembeni. Anazizamisha wima, anazilaza chini ya maji, anazinyanyua sawia, na kabla maji hayajaisha kuchuruzika anazitikisa kidogo, mbele na nyuma, kushoto na kulia, ili nyuzi zishikane. Ukikawia kutikisa, karatasi ina mabonde. Ukitikisa mno, inachanika. Kisha anaigeuza fremu juu ya blanketi lililolowa, anabonyeza upande mmoja hadi mwingine, anainua, na karatasi imebaki chini, laini, inang'aa maji.

Shangazi alitazama fremu ya kwanza na ya pili. Ya tatu akasema, "Kumbe ni kuchuja tui," akakunja mikono ya sweta. Mkono wake ukaingia majini kama uliozaliwa humo. Ule mtikisiko ambao wanafunzi wengine walikuwa wakiuhesabu kwa midomo, yeye aliufanya huku akiniuliza kama wajukuu wamekula. Mwalimu akaja kusimama karibu. Hakusema kitu, akaita wenzake.

Kisha shangazi akauliza mkonge uko wapi. Mtu wa Pangani akiona nyuzi zimelowekwa lazima aulizie mkonge. Shamba la Kikogwe liko ng'ambo ya mto kwao. Nikatafsiri, safari hii kwa uaminifu, na mwalimu akasema mkonge pia hufaa kwa karatasi, akataka kujua sisi na mkonge tuna uhusiano gani. Nikamweleza jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoagiza miche Marekani mwaka 1893, ikasafirishwa kwa meli kupitia Hamburg, mingi ikafa njiani, ikafika 62 iliyo hai, na kutoka hiyo 62 yakaota mashamba yote ya Tanga. Akauliza miche ilitoka wapi hapa Marekani. Florida, nikamwambia. Mwisho wa hiyo barabara unayoiona dirishani.

"Basi walituuzia," akasema shangazi nilipomfafanulia. "Sasa wamekaa wanaponda pamba."

Ng'ambo ya mtaa huohuo ipo posta ya mwaka 1935, na ndani yake michoro ya ukutani ya Eugene Kingman, ya mwaka 1938, inayoonyesha mashamba ya zamani ya eneo hili. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa sanaa ya kwanza siku hiyo isiyokuja na kishikwambi.

Kahawa nitaipita haraka. Wachoma kahawa tunao, na mmoja wao, Vigilante, yumo kwenye jengo la zamani la magari, kama kila kitu hapa. Shida yangu ni kijana wa mkahawa mwingine, ambaye nilimwomba kikombe cha kahawa akanipa kwanza mwinuko wa shamba kutoka usawa wa bahari. Shangazi alisikiliza maelezo yote, akanong'ona kwamba kahawa haihitaji wasifu, inahitaji kashata.

Na Franklins je? Hapo ni mahali pa chakula, bia na duka la vikorokoro, kwenye jengo ambalo zamani liliuza vifaa vya ujenzi. Duka lilifunguliwa mwaka 1992, bia ikafuata miaka kumi baadaye. Ndani kuna vitu vya kuchezea, peremende, kadi za kuchekesha, soksi zenye maneno. Watoto wangu hawatoki humo bila machozi. Mimi husimama katikati nikawaza kwamba hapohapo palikuwa na misumari, bawaba na makomeo, na bawaba ya kabati langu la jikoni imelegea tangu mwaka juzi.

Aliponifurahisha shangazi ni Edmonston, mji jirani, kwenye ghala kubwa liitwalo Community Forklift, lililofunguliwa mwaka 2005. Ni shirika lisilo la faida linalouza vifaa vya ujenzi vilivyookolewa kwenye nyumba zinazobomolewa: milango, madirisha, masinki, mabomba, taa, mabafu ya chuma yenye miguu. Hapo shangazi alipumua. Alikwenda moja kwa moja kwenye milango iliyopangwa wima, mlango baada ya mlango, akawa anaigonga kwa kiungo cha kidole na kusikiliza, halafu ananusa ubao. Kwao Pangani, kama Unguja na Lamu, mlango wa mbele ndio unaomtambulisha mwenye nyumba, na yeye anakumbuka kila mlango wa nakshi uliong'olewa mtaani kwao na nani aliununua. "Huu msonobari," alikuwa akisema. "Huu nao msonobari. Huu wamepaka rangi wafiche msonobari." Alipokuta mmoja wa mti mgumu, mzito, usio na nakshi lakini umeungwa bila msumari hata mmoja, akaukumbatia. Ilinibidi nimweleze kwamba mlango hauingii kwenye begi la kilo ishirini na tatu.

Njiani kurudi nikamwonyesha upande ilipo shule ya Northwestern, alikosoma Jim Henson, yule wa vikaragosi vya Muppets. Alikulia huku, akamaliza shule mwaka 1954, na mwaka 1955 akamtengeneza Kermit, yule chura wa kijani, kwa kukata koti kuukuu la mama yake na kupasua mpira wa meza katikati ukawa macho. Wakati huo alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Maryland, hapo juu College Park, akahitimu mwaka 1960. Shahada yake ilikuwa ya sayansi kimu. Mtu aliyewatajirisha wazao wake kwa soksi na vitambaa alisomea mambo ya jikoni na cherehani, na hakuna mjomba aliyemwitia kikao cha ukoo.

"Koti la mama yake," akarudia shangazi. "Mama alikuwa amemaliza kulivaa?"

Na hapa ndipo ninapofika kwenye koti langu.

Ni koti zuri, la kijivu, la baridi kali, na zipu yake imeng'oka meno matatu sehemu ya chini. Kila kitu kingine kizima. Nyumbani ningelipeleka kwa fundi aliye chini ya mwarobaini na cherehani yake ya kukanyaga, ningekaa kwenye benchi, tungeisema serikali kidogo, na kabla hatujafika kwenye mpira zipu ingekuwa mpya. Hapa ninaishi katika wilaya ya sanaa. Nimezungukwa na watu wanaoweza kuyeyusha kioo, kufua fedha, kuchonga herufi kinyume na kutengeneza karatasi kwa pamba. Nikalipeleka koti kwa dobi, simtaji, akaniandikia bei ambayo ningeongeza kidogo nikanunua koti. Nikalipeleka mahali pengine, napo sipataji, penye vyerehani vilivyopangwa kwa mstari. Binti akalishika, akaitazama zipu kwa huruma ya daktari, akaniambia wana darasa la zipu. Saa mbili na nusu. Nilete koti langu.

Mimi sitaki elimu. Elimu ninayo, na bado sijamaliza kulipa deni la ile niliyonayo. Nataka zipu.

Shangazi aliposikia akasema nimpe sindano na uzi mnene. Nilidhani anaitengeneza zipu. Alifanya kazi kimya, mishono midogo, sawia, ukigeuza huoni mwanzo wala mwisho. Asubuhi nikakuta ameshona koti lote mbele, kuanzia pindo hadi shingo. "Sasa upepo hauingii," akasema. Tangu siku ile nalivaa kwa kuingiza kichwa, na kazini wanafikiri ni mtindo.

Wiki yake ya mwisho mama watoto na mimi tulimpeleka tena Route 1, kuaga. Shangazi alikuwa na mkoba wake begani, wa ukili, wa rangi ya zambarau na njano, ule wa kutilia dawa na miwani. Kwenye duka moja la vitu vya nyumbani mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta, akaushika mkoba, akaugeuza akatazama chini. Shangazi akamtazama kwa heshima kwa mara ya kwanza. Mwenye duka akauliza umenunuliwa wapi. Nikamwambia umesukwa na huyu mwenyewe. Akauliza kama anauuza.

Nilimjua shangazi yangu. Mkoba kama ule Pangani angeuuza elfu kumi na tano, na kwa jirani elfu kumi, na angekupa kipepeo cha bure. Nikajiandaa kumsaidia kupandisha hadi dola ishirini.

"Mwambie tisini," akasema.

"Shangazi..."

"Tisini. Na mwambie bei haishuki. Na hiyo sita ya serikali iwe juu yake, isije ikakatwa kwangu."

Nikatafsiri neno kwa neno, sauti inanitetemeka. Mwenye duka hakupepesa. Akalipa. Shangazi akahamishia dawa na miwani yake kwenye mfuko wa nailoni, akanikabidhi mfuko niubebe, kisha akamsubiri yule bwana, mkono ameunyoosha kidogo, uso umetulia kabisa. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anasubiri bakshishi.

Akapewa.

Usiku ule alipiga simu Pangani kwa wanawake wa kikundi chake, saa moja na nusu kwa simu yangu. Nikasikia akiwapa masharti: ukili mwembamba, rangi zisizochuja, chini pasionekane fundo. Matokeo yake ni kwamba kila mgeni anayekuja sasa anakuja na begi zima la mikoba. Haulizi tena Ikulu. Anauliza duka liko wapi, linafunguliwa saa ngapi na nani atampeleka. Jumamosi zangu ziko palepale, na sehemu ya nyuma ya gari inanuka miyaa.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa DC, Maryland na Virginia mnaosoma safu hii: kama kuna mmoja wenu anayemjua fundi wa zipu popote kati ya Mount Rainier na College Park, anayepokea koti na kulirudisha, ambaye hana darasa, hana kishikwambi na hana haja ya kunieleza historia ya zipu, aniletee namba yake. Malipo ni taslimu, au mkoba mmoja. Mikoba ninayo mingi.